Imeshika

Mimi si mtu wa kusikiliza mlangoni. Ila jiko la nyuma, ambalo mke wa mwanangu amelifanya karakana yake, limetenganishwa na chumba changu kwa ubao tu. Mtu akipiga chafya kule, huku mimi ndiye ninayetafuta leso.

Asubuhi moja nilikuwa nahangaika kutunga uzi kwenye sindano, nikamsikia akizungumza na mwenzake wa kazi kwa simu. Sauti ya chini, lakini imejaa furaha. "Imeshika," akasema. "Ndiyo, safari hii imeshika kweli. Usimwambie mtu kwanza, tusije tukajitia nuksi."

Sindano ikanidondoka.

Huyu binti ameshapoteza mimba mbili, zote changa. Baada ya ile ya pili nyumba hii ilinyamaza. Hakuna aliyeligusa tena neno hilo. Mimi nilihamia baadaye, macho yalipoanza kunikatalia cherehani. Ninamtaka mjukuu, sifichi. Sasa mtu akisema imeshika, mimi nielewe nini?

Kazi yake ni kupika wanga. Anaukamua kwenye muhogo, anautia dawa, anauchemsha polepole mpaka, kwa maneno yake, ubadilike tabia. Wanga wa kawaida ukipakwa kwenye karatasi hukauka ukapasuka, na maji yakiugusa unakuwa uji. Wa kwake mmoja ni wa kubandikia mifuko, na mwingine ni wa kupaka juu, kama ngozi nyembamba, ili karatasi isilowe upesi. Halafu mfuko ukitupwa uoze, usibaki hata alama. Nilimwambia siku moja, mimi mshonaji, sijawahi kumsikia fundi anayejisifu kwamba kazi yake itaoza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Siku hiyo ya simu nilimpokonya ndoo ya muhogo uliosagwa.

"Mama, hiyo nzito."

"Ndiyo maana nimeichukua."

Nikafungua madirisha yote mawili. Nikamwambia haifai kuvuta harufu ya dawa katika hali yake.

"Hali gani, mama?"

"Ya kuchoka," nikasema, nikajifanya natafuta ufagio.

Alinitazama kana kwamba nimeota pembe. Naye kwa upande wake hakunisaidia kuelewa. Alipanda kiti akashusha sufuria kutoka rafu ya juu, akaruka chini kama mtoto. Ama mimi nimezeeka vibaya, ama mabinti wa sasa wanabeba mimba kama wanavyobeba mkoba.

Mwanangu aliporudi kazini nilimvizia sebuleni. "Mke wako anaendeleaje?"

"Ana furaha sana. Kazi imemnyookea."

Kazi. Hajaambiwa? Au ameambiwa, na wote wawili wananificha mimi? Na kama wananificha, kwa nini anatabasamu waziwazi namna ile? Niliogopa kuuliza. Ukiuliza unaweza kujibiwa.

Kisha mvua zikaanza. Shuka hazikauki, mlango umevimba haufungi. Mchana mmoja nilisikia tena simu, nyuma ya ubao.

"Imetoka," akasema. "Imetoka yote."

Akasikiliza upande wa pili.

"Hapana, si kosa lako. Nadhani ni unyevu."

Unyevu sikuuelewa, lakini nani alikuwa na nafasi ya neno hilo? Nilikaa kitandani nikishika magoti yangu. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, nikasogea dirishani. Mkwe wangu alikuwa anakwenda kwenye kona ya ua, jembe dogo mkono mmoja, na mkono mwingine kifurushi cha karatasi kisichozidi kiganja. Akachimba. Akakilaza kile kifurushi taratibu, akakifunika, akachomeka kijiti. Hakuwa analia, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Nilitoka bila viatu. Nikapiga magoti kwenye tope kando yake, mimi ambaye daktari alishanikataza kupiga magoti.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Ungeniita. Hili si la kufanya peke yako."

Aliniangalia, kisha akaangalia udongo. "Mama, ni karatasi."

"Najua umemfunga kwenye karatasi."

"Karatasi tupu, mama. Vipande nilivyovipaka wanga. Navifukia nione vitaoza baada ya muda gani." Alizungumza taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Ile gundi ya mifuko imebanduka kwa ajili ya hewa hii ya mvua. Juzi nilidhani imeshika."

Nilitazama kile kijiti. Kimeandikwa namba. Sikujua kama nishukuru au nilie.

"Kwa hiyo iliyoshika," nikasema, "ilikuwa..."

"Ilikuwa gundi," akasema, na hapo hapo nikamwona anaelewa. Ndoo. Madirisha. Hali yake. Mkono ulimwendea mdomoni.

Nilisubiri acheke. Nilitamani acheke. Nilijaribu kuinuka, magoti yakagoma, aibu imenijaa mpaka masikioni.

"Nisamehe, mwanangu. Nilisikia nilichotaka kusikia."

Akanishika mkono, si kuniinua, bali kunizuia nisiondoke.

"Wale wawili," akasema, "sijui waliwapeleka wapi. Mara zote mbili niliamka hospitalini nikaambiwa kila kitu kimekwenda salama, nikapewa nguo zangu nivae." Alikuwa anausawazisha udongo juu ya vile vipande vya karatasi, anausawazisha tena pale palipokwisha kuwa sawa. "Watu wote waliniambia nitapata mwingine. Hata pole sikupewa."

Kitu gani cha kumwambia mtu, na wewe umepiga magoti kwenye kaburi la gundi?

"Mama," akasema. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema ulipokuja."

"Pole, mwanangu," nikasema. "Pole sana. Hili si la kufanya peke yako."

Akaweka kichwa begani kwangu, mikono yake imejaa udongo na wanga, ndipo akalia.