Mwisho wa Ile ya Daraja

Kwanza ieleweke kwamba Nekesa hakuwahi kuomba radhi kwa kupenda filamu za miaka ya tisini, na hakuwa na nia ya kuanza sasa, akiwa na miaka hamsini na tatu na magoti yanayolia akipanda ngazi. Ukitaka kukosana naye, mwambie zilikuwa filamu za kijinga. Mwambie haiwezekani mtu mmoja kuwapiga watu kumi na wawili. Atakujibu kwamba wale kumi na wawili walikuwa na adabu, walikuja mmoja mmoja, na siku hizi hata kwenye foleni ya benki hupati adabu ya aina hiyo. Mwambie bastola haipigi risasi arobaini bila kujazwa, naye atakuuliza wewe umeshika bastola ngapi.

Miaka hiyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Thika siku sita za wiki. Siku ya saba, akitoka kanisani, aliteremka Majengo kwenye ukumbi wa video wa Idarous, na hapo alikuwa mtafsiri. Ukumbi ni jina la heshima tu. Ilikuwa stoo ya mabati yenye televisheni moja, deki moja na mabenchi yaliyochana sketi nyingi. Nekesa alisimama kando ya televisheni akageuza Kiingereza cha Wamarekani na Kichina cha Wachina kuwa Kiswahili cha Thika. Kiingereza alikijua nusu. Kichina hakukijua kabisa. Palipopungua alijaza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kutoka pale akilalamika kwamba hakushiba.

Kila filamu ilikuwa na stelingi wake, yaani yule shujaa ambaye picha yake ndiyo kubwa kwenye karatasi ya mlangoni, na sheria ya stelingi ilijulikana hata na watoto wa kunyonya: stelingi hafi. Anaweza kuchomwa, kuzamishwa, kuachwa na mke, lakini kufa hafi. Kati ya mastelingi wote Nekesa alimpenda mmoja waliyemwita Kidevu. Jina lake la kuzaliwa hawakulijua, maana kanda zilifika Thika zikiwa nakala ya nakala na majina ya mwanzo yameshakatwa. Alikuwa na kidevu kilichogawanyika katikati na koti la ngozi alilolivaa hata jangwani. Alipolia, hakujipangusa. Waigizaji wa sasa, Nekesa husema, wakilia unaona kabisa wanajitazama wanavyolia, lakini Kidevu alilia kama mtu aliyefiwa.

Filamu yake kubwa iliitwa Ile ya Daraja. Kidevu anarudi mji aliozaliwa, anaukuta umetekwa na tajiri mwenye jino la dhahabu, wanapigana saa nzima na dakika ishirini, na mwisho wanakutana wawili juu ya daraja la reli. Sasa sikiliza kilichotokea. Mwaka wa tisini na sita Idarous alimwoza dada yake, Zainab, kwa Zaid, kijana mwembamba aliyepakia marobota pale pale kiwandani kwa kina Nekesa. Idarous akampa mpiga picha kanda ya kurekodia harusi. Alidhani anampa kanda tupu. Alimpa Ile ya Daraja, kanda mpya ambayo hakuna aliyekuwa ameona mwisho wake, ikiwa imesimama dakika kumi na tano kabla ya mwisho pale stima ilipopotea. Iliporudi ikapangwa rafuni bila mtu kuiangalia.

Jumapili iliyofuata stoo ilijaa pomoni. Kidevu akafika katikati ya daraja, damu shavuni, jino la dhahabu likimcheka. Picha ikaruka mara mbili, halafu kwenye skrini akatokea Zaid, amevaa kanzu, anatoka msikitini Majengo akipepesa macho. Watu wakaanza kupiga mabati kwa ngumi. Idarous akaanza kuutafuta mlango. Nekesa mwenyewe hajui mpaka leo maneno yale yalimtoka wapi.

"Kelele ya nini?" aliwauliza. "Kwani hamumjui? Huyo ni stelingi. Ameshinda, ameoga, amesilimu, amekuja Majengo kuoa."

Mtu wa nyuma akauliza mbona amekonda hivyo, Nekesa akajibu kwamba vita si mchezo na safari ilikuwa ndefu, na stoo nzima ikavunjika mbavu. Akawatafsiria harusi yote: wazee, dufu, msafara ulioshuka mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Mlangoni nyanya watatu waliinua leso zao mbele ya kamera, kwa sababu ndani ni kwa wanawake na mambo ya ndani hayapigwi picha. Kanda ikaishia hapo, kwenye maua ya leso, na watu wakapiga makofi wamesimama.

Tangu siku hiyo waliidai kila mwezi. Walijua majibu yote, wakayaitikia kama sala. Na Zaid akabaki kuwa Stelingi. Aliitwa hivyo kiwandani, aliitwa hivyo alipohamia Gatuanyaga na Zainab kufuga mbuzi, na alipofariki mwaka juzi ikabidi jina hilo litajwe ndipo nusu ya Thika ielewe ni nani amekufa.

Basi mwaka huu Lenny akaipata filamu nzima.

Lenny ni kitinda mimba wa Nekesa, anaishi Ruiru, na ana ukurasa mtandaoni anakosifia filamu za zamani mpaka vijana wasiokuwa wamezaliwa wakati ule wanazitamani. Kupenda huku alikunyonya kwa mamake, hilo halikatai. Alikuwa ameandaa Jumapili ya Naintiz kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili karibu na stesheni ya Ruiru, na mtafsiri angekuwa mamake, laivu, kama zamani. Akaja Ngoingwa, nyumbani kwa mamake, na laptopu amwonyeshe nakala safi. Nekesa aliangalia akiwa na tabasamu mpaka kwenye daraja. Pale jino la dhahabu likampiga Kidevu risasi tatu, Kidevu akaanguka mtoni, maji yakamfunika, muziki ukalia, majina yakaanza kupanda.

Nekesa aliuliza iko wapi sehemu ya pili. Lenny akamwambia hakuna.

"Aliyeandika hivyo hajui kazi," Nekesa akasema, na alikuwa na hasira ya kweli.

Lenny alicheka, kisha akaona kwamba mamake hacheki. Akamweleza taratibu kwamba watakuja watu wanaojua filamu, watu wenye kurasa kubwa kuliko yake, na kwamba watafsiri wa zamani wanasemwa vibaya huko, eti walikuwa waongo waliowaharibia watu sinema.

"Mathe, si u-translate tu vile iko," alimaliza. "Ile story ya harusi ilikuwa poa, lakini si movie. Watanicheka."

"Kuharibu? Hiyo movie ilikuja kwetu imeharibika, Lenny. Mimi ndio niliitengeneza."

Lakini alikubali, kwa mdomo tu. Kijana alikuwa amejituma, na mama hapendi kumwaibisha mwanawe mbele ya watu.

Jumatano Zainab akapiga simu kutoka Gatuanyaga. Alisalimia vizuri, akauliza habari za magoti, akasema mbuzi mmoja amezaa mapacha. Halafu akafika kwenye kilichompigisha simu.

"Mama Lenny, nasikia mmepata Ile ya Daraja ikiwa mzima."

"Tumeipata."

"Na mwisho wake?"

Kanda ya Idarous ilikuwa imeota ukungu miaka mingi iliyopita, na deki ya mwisho kuijaribu iliitafuna. Picha nyingine ya harusi ile haikuwepo popote duniani. Akamwambia Zainab ukweli, kwamba kwa hii safi anakufa, anaanguka majini.

"Mimi nimeshamzika," Zainab akasema. "Sitaki kutoka huku mpaka Ruiru nimzike tena mbele ya watu. Wewe utasema nini ikifika hapo?"

"Sijui," Nekesa akajibu. "Lakini kuja."

Alikaa na swali hilo la Zainab siku tatu. Lilimuuma akipika, lilimuuma akiwa kwenye ibada. Upande mmoja mwanawe na jina analojijengea, upande wa pili mwanamke aliyebakiwa na kumbukumbu moja, na kumbukumbu yenyewe iko mdomoni mwa mtu mwingine.

Jumapili, saa tisa alasiri, madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi na projekta ikawashwa. Mbele walikaa vijana wa Lenny na fulana zao zenye picha za mastelingi. Nyuma walikaa watu wa Thika. Opiyo, aliyekuwa akilinda mlango wa Idarous, alikuja na mkongojo na bado alitaka kuwakagua watu. Kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango ili aweze kutoka haraka, alikaa Zainab na binti yake Sumeya.

Nekesa alishika maiki, na lazima isemwe, alikuwa moto. Aliwapa vijana Kidevu kama alivyostahili. Ngumi zilipigwa na kelele zake zikatoka kinywani mwa Nekesa, jino la dhahabu likapata lafudhi ya meneja fulani wa kiwanda, na hata wale wenye kurasa kubwa walilia kwa kicheko. Lenny alisimama kando ya laptopu akiwa na fahari usoni. Nekesa alimwona, na moyo ukazidi kumwia mzito.

Kidevu akapanda darajani. Watu wa nyuma wakainama mbele kwenye viti, kwa sababu kutoka hapo hawakuwa wamewahi kuona. Lenny akamnong'oneza mamake, "Vile iko, mathe. Please." Kule nyuma Zainab alikuwa ameshainua mkoba wake.

Nekesa hakupanga. Jino la dhahabu lilipoinua bastola, alipiga hatua mbili akasimama mbele ya projekta, mwili wake wote, na mwili wenyewe si mdogo. Daraja likamwangukia kifuani, mto ukamjaa kwenye kitenge. Kwenye skrini kukabaki kivuli cha mwanamke mnene.

"Hafi," akasema kwenye maiki.

Vijana wakaguna. Mmoja akamwomba kwa heshima asogee, wanaona giza. Risasi tatu zikalia kwenye spika nyuma yake, na Nekesa hakutikisika.

"Nyinyi mmeiona hii kitu mara moja, kwa simu," aliwaambia. "Hao wamekaa nyuma wameiona mara hamsini, na haijawahi kuisha hivyo hata siku moja. Siombi mtu ruhusa. Opiyo, stelingi ako wapi?"

Opiyo alijikohoza. Ilikuwa miaka mingi.

"Ameenda kuoga," akajibu.

"Akitoka kuoga?"

"Ananyoa," wakasema watatu, wanne.

"Akinyoa anaenda wapi?"

"Majengo!" ikasema safu yote ya nyuma.

Basi akawapeleka Majengo. Skrini haikuwa na kitu isipokuwa yeye, lakini aliwatoa wazee msikitini mmoja mmoja, akawapigia dufu kwa kiganja kwenye maiki, akamtoa Zaid akipepesa macho kwa jua. Mtu akauliza mbona amekonda, akajibiwa na sauti thelathini kwamba vita si mchezo. Muziki wa kifo ulikuwa bado unalia, mkubwa na wa huzuni, mpaka ghafla ukakatika. Nekesa hakugeuka, lakini alijua ni mkono wa nani ulioukata.

Wakashuka na msafara mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Wakafika mlangoni.

"Nyanya wakainua leso," Nekesa akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua. "Kamera ikakatazwa. Na hapo ndio mwisho."

"Si mwisho."

Zainab alikuwa amesimama. Alikuwa ameuacha mkoba kwenye kiti na alikuwa akija mbele kati ya viti, polepole, akishika bega la mtu hapa na pale. Watu wa Thika waligeuka kumtazama, na wengi wao ndipo walipokumbuka kwamba ile filamu ilikuwa na bibi harusi.

"Nyinyi wote mlikuwa nje ya hiyo mlango," alisema. "Mimi ndio nilikuwa ndani."

Nekesa akampa maiki. Zainab akasita kidogo, akiangalia ile taa, kisha akasimama naye pale pale mbele ya projekta, mabega yao yakigusana.

Zaid aliingia, Zainab akawaambia, na alitakiwa kumwekea mkono kwenye paji la uso na kusoma dua. Wiki nzima alikuwa amefundishwa na Idarous. Akaweka mkono, akaanza, akasahau. Nje watu wanaimba, ndani mwanaume ameganda.

"Sasa mimi nikaanza kumsomea, pole pole, huko chini ya shela. Yeye akifuata neno kwa neno. Hakuna mtu alijua, hata kaka yangu hakuwahi kujua. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia tangu asubuhi wamenikataza nisiharibu poda. Akatoa sambusa kwa mfuko wa kanzu. Alikuwa amenifichia. Mafuta imelowa kanzu yote, kanzu ya harusi. Tukala."

Hakuna aliyecheka. Opiyo alikuwa anajipangusa uso kwa mkono wa shati. Safu ya mbele, yule kijana aliyeomba kuona alikuwa ameinama mbele, viwiko kwenye magoti.

"Halafu?" akauliza.

Zainab alivuta kiti cha mbele kabisa akakaa, akajipangia buibui yake magotini kama mtu asiye na haraka ya kurudi Gatuanyaga.

"Halafu kuna miaka ishirini na nane," akasema. "Hiyo ni ndefu. Lenny, zima hiyo mashine niwaambie."

Na Lenny akaizima.