Daftari la Posa

Seif Ridhwan alikuwa fundi wa madaftari pale Malindi, na ufundi ulikuwa umemtia wazimu. Huchemsha mashina ya migomba, akayatwanga kinuni mpaka yawe rojo, akalitandaza juu ya chandarua na kulianika siku tatu. Karatasi ikatoka ngumu, nzuri, na watalii wa hoteli za Bofa wakaigombania. Basi alipotaka kumposa Ruqaiya binti Farid, karatasi ya dukani aliiona tusi. Barua ya posa, ambayo watu huandika ukurasa mmoja, yeye akaijazia daftari zima, kurasa arubaini, akalishona kwa uzi wa katani kutoka Tezo.

"Waposa ama watunga katiba?" mama yake akamuuliza.

Na haraka ilikuwepo. Faiz wa Mambrui naye alikuwa analeta barua yake Ijumaa, na Mzee Farid, baba wa Ruqaiya, ni mtu wa zamu: barua itakayotangulia ndiyo itakayojibiwa. Alhamisi asubuhi ami yake Seif, Mzee Nasor, akalipeleka daftari. Mposaji haonekani siku hiyo, kwa hivyo Seif akajibanza nyuma ya mkokoteni wa madafu ng'ambo ya njia, roho mkononi.

Barazani, Mzee Nasor akaliweka daftari kando ili apeane mkono na mwenyeji, na salamu zikaanza. Wa nyumbani wazima? Wazima. Na mguu wa shangazi? Alhamdulillahi. Na wa Lamu? Na wa Mombasa? Hapo mbuzi wa Mzee Farid akaja, akanusa, akaanza ukurasa wa kwanza. Mgomba kwa mbuzi si karatasi jamani, ni chakula cha mchana.

Lahaula! Seif alitaka kupiga kelele, lakini mposaji hapigi kelele. Wazee nao walimwona mbuzi vizuri sana, ila ni nani asiye na adabu akatize salamu katikati? Kabla hawajamaliza wa Mombasa, mbuzi alishalimaliza daftari zima, mpaka jalada.

"Barua haikufika," akasema Mzee Farid.

"Imefika! Imo tumboni mwa mbuzi wako, na mbuzi ni wa nyumba yako."

"Haya, basi aliyeisoma ndiye atakayejibu."

Wakamgeukia mbuzi, watu wazima wawili na kofia zao, wakangoja. Mbuzi akacheua. Mzee Nasor akasema huko ni kukubali, Mzee Farid akasema bado anatafakari. Seif machozi yalimlengalenga. Karatasi nyingine ni siku tatu, na kesho ni Ijumaa.

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Seif!" Ruqaiya akaita. "Toka nyuma ya hayo madafu, nimekuona tangu asubuhi!"

Seif akatoka, haya zimemjaa.

"Siku tatu za kuanika mimi sina. Andika papo hapo ulipo, hata kwenye karatasi ya mahamri. Neno moja tu, jibu ninalo."