Namba ya Kiatu

Hapa Buleusa, kijana akimaliza sekondari, hata mwenye duka humuuliza kwanza amepata asilimia ngapi, salamu baadaye. Papa Michel hakuuliza. Alikuja na lori lake, shati limenyooka, akatangaza baada ya misa kwamba ana bourse: masomo ya bure ya chuo kikuu huko Goma, chakula na kitanda juu yake. Kisha akawapanga vijana uwanjani, akawabebesha magunia ya maharagwe kupanda kilima. Waliofika juu bila kupumzika ndio walioshinda. Mdogo wangu Élie alikuwa wa kwanza.

Plamedi, msichana wa darasa lake aliyekuwa akimfundisha hesabu, hakutazamwa hata mara moja. Nilikasirika. Mimi ni mwalimu, na mtihani wa gunia sijapata kuuona. Nikamfuata yule bwana.

"Papa, hauulize pourcentage yao? Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, bado kutoka."

"Dada, ni chuo ya kilimo. Inaomba nguvu." Akacheka, akamgeukia Élie. "Weye, unavalaka namba gani ya kiatu?"

"Quarante-deux, Papa."

Akawauliza wote hivyo hivyo.

Nyumbani nikamwambia Mama, "Roho yangu haitaki hii mambo."

"Josiane, wacha wivu. Weye ulikosa bourse, njo unataka na yeye akose?"

Yalinichoma, maana wivu kidogo nilikuwa nao kweli. Mama alikuwa amekwisha kununua poda ya kummwagia Élie kichwani siku ya matokeo, kama tunavyowafanyia wote wanaofaulu.

Jumamosi lori lilirudi. Papa Michel akagawa bote za mpira, nyeusi, mpya, kila kijana na namba yake. Kitabu hakukuwa na hata kimoja. Élie akavua viatu vyake vya shule, akanipa, akavaa bote, akapanda lori.

"Élie, shuka."

"Dada, nitakupigia simu nikifika Goma."

Nikamshika mkono. Dereva akanibandua polepole, kidole kimoja kimoja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Lori likateremka hadi njia panda. Kulia ni kwenda Goma. Likakata kushoto, likaingia msituni, kwa wenye bunduki, ambako hata shule ya msingi hakuna. Mama alikuwa bado anapunga kitenge. Mkono ukasimama.

"Pengine wanaenda kubeba wengine," alisema.

Nilipiga namba ya Papa Michel jioni ile na kila siku iliyofuata. Haikupatikana.

Wiki iliyofuata Plamedi alikuja mbio, simu mkononi, akilia na kucheka. Matokeo yametoka. Élie amepata asilimia sabini na nane.

Mama hakupiga vigelegele. Aliingia ndani, akatoka na ile poda na vile viatu vya shule. Akaviweka mlangoni, vikitazama njia, akavimwagia poda mpaka kopo likaisha.