Sindano ya Mgongo wa Bertilla

Bertilla alijifungua kwa upasuaji mwezi wa kumi, na kabla ya upasuaji alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Alichomwa mara moja tu, lakini mtaani kwao Kizwite sindano hiyo iliendelea kuzungumzwa mpaka Pasaka.

Mwanzoni hakuna aliyeijali. Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, mnene, akaitwa Elia. Mama mkwe wake, Adela, alipanda basi kutoka kijijini, njia ya Laela, na kiroba cha unga wa ulezi na kuku waliofungwa miguu, akaja kumuuguza mzazi. Arobaini ikaisha, kuku wakaisha, Adela akabaki. Bertilla alikuwa hawezi kuinama.

Maumivu yalikaa chini ya kiuno, zaidi upande wa kulia kuliko wa kushoto. Asubuhi alianza kwa kugeuka ubavu, akasubiri, akashusha miguu, akasubiri tena, mumewe Zenon akidhani anasali. Akifua nepi yalipanda. Akikaa kwenye cherehani yake sokoni yalikaa naye. Alikuwa fundi wa sare za shule, na mwezi wa kwanza, wakati wazazi wote wa Sumbawanga wanapogundua kwa pamoja kwamba watoto wao wamerefuka, alishona akiwa ukingoni mwa kiti kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chai.

Kila aliyepita alikuwa na neno. Justina, jirani yake wa nyumba ya pili, alikuwa na binamu aliyechomwa sindano kama hiyo na tangu siku hiyo hakuinua ndoo.

"Ni ile sindano," alisema Justina.

"Labda," alijibu Bertilla.

"Si labda. Binamu yangu mpaka leo anachotewa maji."

Adela hakupenda maneno mengi, alipenda vitendo. Alimkanda mkwewe kwa maji ya moto mpaka ngozi ikabadilika rangi. Alimfunga tumbo kwa kanga akaikaza kwa goti, Bertilla akawa anapumua kwa mkopo. Zenon naye alisikia kwamba godoro laini ndilo adui, akatandika mbao chini yake. Wiki moja baadaye nyumba ikawa na wagonjwa wa mgongo wawili. Mbao zikaondolewa, na Zenon akapona.

Kulikuwa na jambo lililomuuma Bertilla kuliko kiuno, na hilo hakulisema. Elia akilia sakafuni, alinyoosha mikono kwa bibi yake. Hakumtazama hata mama yake. Alikwisha kujua ni mikono ipi inayoinua na ipi inayopapasa tu. Bertilla alikuwa anasema, "Mama, nisaidie mtoto," kwa sauti ileile ambayo mtu huombea chumvi.

Kwaresima ilipofika katikati, Adela alitoa uamuzi. "Ncha imekatikia ndani," alisema.

"Ncha ya nini, mama?"

"Ya sindano. Ndiyo inayokuchoma."

Zenon alikuwa dereva wa Canter, anabeba mahindi ya watu kutoka vijijini, na hakuamini kitu ambacho hakiwezi kupimwa. Aliona hili linapimika. Alifungua redio yao iliyokufa, akatoa spika, akavunja spika akatoa sumaku, akaifuta kwa shati lake. Jumapili baada ya chakula Bertilla alilazwa kifudifudi kwenye mkeka. Alikubali kwa sababu kulala kifudifudi kulimpa nafuu kidogo, na kwa sababu kukataa kungehitaji kusimama.

Zenon akapitisha sumaku mabegani. Kimya. Akashuka katikati ya mgongo. Kimya. Adela alikuwa amembeba Elia kwa mkono mmoja, rozari mkono wa pili. Sumaku ilipofika kiunoni ikalia: tik.

Zenon aliinua sumaku taratibu. Ilikuwa imenasa kitu chembamba, kinang'aa.

"Asante Mungu," alisema Adela, akaketi chini.

Bertilla akageuza shingo. "Hiyo ni pini yangu," alisema. "Ya kushonea. Ilikuwa kwenye pindo la blauzi."

"Pini yako inafanya nini mgongoni?"

"Mama, ina kichwa chekundu cha plastiki."

Adela aliisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku. "Hospitalini wana za kila aina," alisema, akaifunga kwenye kona ya kitambaa.

Jioni ile ile habari ilikwisha kufika kwa Justina, na ikifika kwa Justina imefika. Watu walikuja kumpongeza Bertilla. Walitazama pini, wakatikisa vichwa, wakamwambia amshukuru Mungu kwa kupata mume mwenye akili. Bertilla aligundua kwamba ni vigumu sana kuumwa mbele ya watu waliokuja kukupongeza kwa kupona. Akanyoosha mgongo, akatabasamu, akawasindikiza mpaka mlangoni, kisha akabaki ameshika mwimo mpaka chumba kilipoacha kuzunguka. Aliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Maumivu hayakupungua. Yalikosa tu mtu wa kuyasikiliza.

Elia alipangiwa ubatizo Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Kwa kuwa mama alikuwa amepona, hakukuwa na sababu ya mtu mwingine kumbeba mtoto, na ukweli ni kwamba Bertilla mwenyewe hakutaka mtu mwingine ambebe. Mpaka hapo alikuwa hajambeba mwanawe amesimama kwa muda wa wimbo mzima. Alivaa gauni jipya alilolishona mwenyewe, akasimama kwenye mstari wa wazazi, na zamu yake ilipofika akamwinamisha Elia juu ya bakuli la maji. Padri Fransisko akambatiza. Elia hakulia. Justina, mama yake wa ubatizo, akampokea na kumvika kitambaa cheupe.

Bertilla akabaki pale pale, ameinama.

Padri Fransisko alikuwa mtu mwenye subira. Akadhani ni uchaji, akampa muda. Mama aliyefuata kwenye mstari, asitake kuonekana hajui taratibu, naye akainama. Wa nyuma yake akafuata. Baada ya muda Padri akamsogelea, akanong'ona, "Mama, amina."

"Amina, Padri," alisema Bertilla. "Siwezi kunyooka."

Padri alikuwa na kipaza sauti kifuani, hivyo habari ilifika mpaka benchi la mwisho. Kwaya ilipoona mambo yamesimama, ikaanzisha wimbo. Zenon na katekista wakamnyanyua Bertilla, mmoja mabega, mmoja magoti, wakamtoa nje kwa umbo lile lile aliloinamia, huku waumini wakiwapisha na baadhi yao wakipiga ishara ya msalaba.

Canter ilikuwa nje. Walimlaza ubavu juu ya magunia matupu, Adela akapanda nyuma pamoja naye, akampakata kichwa. Njiani Bertilla alianza kulia. Hakupiga kelele, machozi yalitoka tu na kuingia sikioni, naye hakuwa na nafasi ya kuyafuta.

"Mama," alisema, "hakukuwa na sindano."

Adela aliangalia nguzo za umeme zinavyopita. "Najua," alisema. "Niliona kichwa chekundu."

"Sasa mbona ulisema?"

"Nilitaka iwe imetoka."

Adela akavua kanga yake ya juu, akamfuta sikio.

Hospitalini alipata dawa ya kutuliza maumivu, na mwili ulipolegea daktari akamwandikia aende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mrefu aitwaye Asnath. Adela aliingia naye, bila kualikwa.

"Miguu inakufa ganzi?" aliuliza Asnath.

"Hapana," alijibu Adela.

"Mkojo unaweza kuuzuia?"

"Anaweza," alisema Adela. "Vizuri tu."

Asnath alimlaza Bertilla chali, akamkunjisha magoti, akamwambia ainue kichwa kidogo huku yeye akiminya katikati ya tumbo kwa vidole. Akamwita Adela naye aminye. Vidole vya Adela vilizama kama kwenye unga uliokandwa, akavitoa haraka.

"Misuli ya tumbo iliachana mtoto alipokuwa anakua tumboni, na bado haijarudi," alisema Asnath. "Tumbo ndilo linalosaidia mgongo. Sasa mgongo unafanya kazi peke yake, halafu mchana kutwa umekunjwa kwenye cherehani. Umechoka."

"Na ile sindano?" aliuliza Bertilla, kwa sababu hakutaka kurudi mtaani bila jibu la swali hilo.

"Mahali pa sindano panaweza kuuma siku chache, kisha panapona. Haya ya miezi sita si ya sindano."

Akamfundisha. Kuvuta kitovu ndani huku anatoa pumzi. Kulala chali na kuinua kiuno. Kukaa kwa mikono na magoti, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, na kubadilisha. Akamfundisha pia namna ya kuinua mtoto: piga goti, mlete kifuani, toa pumzi, simama kwa mapaja. Kanga ya tumboni akasema iachwe.

"Nitapona lini?" aliuliza Bertilla.

"Polepole. Ni kazi ya miezi. Kuna siku yatarudi. Siku hiyo punguza, usiache."

"Na dawa je?" aliuliza Adela.

"Dawa ndiyo hiyo, bibi."

"Kulala chini na kuinua makalio?"

"Ndiyo, bibi."

Nje ya geti Adela alisimama. "Nimesafiri kwenye magunia," alisema, "kwa ajili hiyo."

Bertilla alifanya mazoezi sebuleni, mchana Elia akilala. Wiki za mwanzo hakuona tofauti yoyote, ila aliijua dari vizuri. Siku moja Zenon aliingia ghafla na mwenye mzigo, bwana mmoja mwenye heshima zake aitwaye Alphonce, wakamkuta kwenye mikono na magoti, mkono mmoja umenyooshwa mbele, mguu mmoja nyuma. Alphonce alimsalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, akamwambia Zenon kwamba mazungumzo ya mahindi yanaweza kusubiri. Wao walipokuwa hapo Bertilla hakushusha mguu. Alikuwa hajamaliza.

Kisha kidogo kidogo yakaanza kulegea. Siku moja aligundua kwamba amefua nepi zote bila kusimama kuegemea ukuta. Hakumwambia mtu. Sokoni aliinua kiti chake kwa mto, na kila alipomaliza shati moja alisimama, akatembea mpaka kwa muuza ndizi, akarudi. Muuza ndizi alidhani anampeleleza.

Alasiri moja aliwahi kutoka sokoni. Alipofungua mlango alimkuta Adela yuko chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, kanga imefungwa vizuri miguuni, kiuno kiko juu. Elia alikuwa kando yake anatafuna kijiko.

"Shikamoo, mama," alisema Bertilla, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Yule dada alisema mpaka ngapi?"

"Kumi."

"Ngoja, niko saba."

Bertilla akangoja. Adela akashusha kiuno, akapumua, akaendelea kuitazama dari.

"Unaumwa tangu lini, mama?"

"Tangu nimzae Zenon."

Zenon alikuwa na miaka thelathini na mbili. Bertilla akakaa chini polepole, kwa namna aliyofundishwa.

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Mama mkwe wangu alisema ni zile kuni nilizojitwika siku ya kujifungua, nikaamini. Na kila siku kulikuwa na kuni." Akamfuta Elia mdomo. "Nilipokuona huwezi kumshika mtoto, nikajua. Mimi Zenon alibebwa na shangazi zake mpaka akatembea. Mpaka leo akiumwa anampigia simu shangazi."

Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza njia ya kufika kisimani. Bertilla alitaka kumshika mkono, lakini Adela hakuwa mtu wa kushikwa mikono. Akalala kando yake kwenye mkeka, akakunja magoti, wakaanza kumi nyingine pamoja. Elia alitambaa akapita chini yao wote wawili kama chini ya daraja.

Mwezi wa sita, upepo wa baridi ulipoanza kukata masikio, Bertilla alimkuta Elia analia sakafuni. Adela alikuwa karibu, na hakusogea. Bertilla akapiga goti, akamleta mtoto kifuani, akatoa pumzi, akasimama kwa mapaja. Kiuno kikasema kitu, lakini kwa sauti ndogo. Elia alishangaa kujikuta juu. Alimtazama mama yake, akanyoosha mikono kwa bibi. Adela akageuka, akashughulika na sufuria ambayo haikuwa na kitu. Elia akangoja, akakata tamaa, akashika sikio la mama yake, akatulia hapo. Bertilla alizunguka naye ua mzima, kisha akazunguka tena.

Ulezi ulipokomaa Adela akafunga safari ya kurudi kuvuna. Stendi walibishana ni nani kati yao asiyetakiwa kugusa mizigo, kila mmoja akimkataza mwenzake, mpaka kondakta akaanza kupiga mbiu ya mwisho. Zenon akachoka kusubiri. Akainama miguu imenyooka, akashika kiroba kwa mikono miwili.

"Goti!" walipiga kelele wanawake wote wawili.

Abiria wakageuka. Zenon aliwatazama, akatazama vumbi, akatazama suruali yake safi. Kisha, mbele ya basi zima, akapiga goti.