Swali la Ukumbini

Mkono wa Alawiya ulikuwa umeanza kuinuka kutoka pajani. Ukumbi wa Ganjoni ulijaa wafanyabiashara, na mkubwa wa kodi aliyetumwa kutoka Nairobi alikuwa amekwisha kuuliza, huku akitabasamu, kama kuna mwenye swali. Hapana aliyejitokeza.

Swali walikuwa nalo wote. Tangu uchaguzi wa mwaka jana, wa tisini na mbili, vitambaa vya watu wa karibu na serikali vilipita bandarini bila ushuru, vikauzwa rahisi kuliko alivyonunua Alawiya kwa jumla. Kodi yake, nayo, ilipanda kila bajeti. Duka la kanga aliloachiwa na marehemu mumewe, pale Biashara Street, lilikuwa likimfia mikononi.

"Usiinue mkono, Bi Alawiya," alinong'ona Abdulhadi, jirani yake wa duka, aliyeketi ubavuni pake. "Noor aliuliza swali hilo mwezi wa Ramadhani. Duka lake lina kufuli la serikali hadi leo."

Alijua. Lakini juzi alikuwa amemwachisha kazi Priscah, muuzaji wake wa miaka tisa, na Priscah alikunja kanga ya mwisho taratibu, akasema, "Ahsante, mama," kana kwamba amepewa kitu. Neno lile lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akasimama.

"Mheshimiwa, mimi nalipa ushuru. Nataka kujua kama ushuru ni wa sote, au ni wa wasio na mkubwa wa kumpigia simu."

Tabasamu la yule bwana halikupungua hata kidogo. Alichomoa kalamu mfukoni.

"Swali zuri, mama. Jina lako nani? Na duka lako liko wapi?"

Alawiya alimtazama Abdulhadi. Abdulhadi alikuwa akitazama viatu vyake. Jina la uongo lilimjia hadi ncha ya ulimi, jepesi, tamu.

"Alawiya binti Aidarus," alisema. "Biashara Street. Mlango wa kijani."

Kalamu iliandika bila haraka. Alawiya alibaki amesimama. Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu, kisha kingine, na hakuthubutu kugeuka kujua kama watu wale walikuwa wakisimama au wakiondoka.