Bega la Kushoto

Nasema mapema nisije nikasingiziwa: mimi sina wivu. Nina macho tu. Na Jumamosi ile mume wangu aliporudi, akasimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea na kusema, "Leo nimepimwa mabega," macho yangu yalifunguka yote mawili.

"Na nani?"

"Dada Vipimo, yule fundi baiskeli wa karibu na stendi. Usukani wangu una ufa tangu nilipoanguka. Anasema usukani haununuliwi kama sufuria, lazima uendane na mabega ya mtu, na mikono, na anavyoinama."

Dada Vipimo! Mimi nimeshona miaka kumi na nane, tepu shingoni, na hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuniita Vipimo.

Baiskeli ya mume wangu ni ya mashindano, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo na yeye anauinamia mpaka kidevu kinakaribia magoti. Ni mwalimu wa hesabu, ana miaka arobaini na moja, na kitu anachokitaka duniani ni kimoja: kumaliza kilomita mia na ishirini. Mwaka jana aliishia ya themanini. Shingo ilikakamaa, akarudishwa kwenye pikapu pamoja na makreti ya maji, na wanafunzi wake wakamwita Mwalimu Kreti muhula mzima. Mashindano ya mwaka huu yalikuwa yamebakiza siku nane.

"Kakupimaje?"

"Kwa tepu. Anatafuta mfupa huu, halafu mfupa huu, anaweka kidole."

"Anaweka kidole."

"Mama Pacha, ni kazi."

"Nimesema kitu?"

Wifi yangu, dada yake huyohuyo, ambaye hunisaidia kupiga vifungo, aliinamisha kichwa akicheka. "Wivu ni kidonda, wifi. Ukikishiriki utakonda."

"Nikikonda nitapunguza gauni. Fundi si nipo?"

Basi tungeishia kwenye utani. Lakini mume wangu alikuwa anajishikashika bega kama mtu aliyeokota kitu kigeni. "Halafu kaniambia jambo. Kumbe bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Umri wote huu sikujua. Wewe ulijua?"

Mguu wangu ukaganda juu ya pedali ya cherehani.

Kama nilijua! Nilijua siku ya kwanza alipokuja kushonesha koti, hata hajanichumbia. Nikaweka pamba kwenye mabega, na kushoto nikaongeza tabaka la pili, koti likakaa sawasawa kama ubao. Tangu siku hiyo sijamshonea koti bila pamba ile. Miaka kumi na miwili anaingia darasani amenyooka, na hakuna aliyejua ila mimi. Ilikuwa siri yangu, tamu, niliyomficha hata yeye mwenyewe. Leo mwanamke mwenye grisi kwenye kucha anaitoa kwa dakika tano. Niliumia, jamani. Niliumia mpaka mate yakawa machungu.

"Sikujua," nikasema.

Jumatatu nilichukua daftari langu la vipimo, nikamfuata mume wangu dukani. Tairi zimening'inia mpaka mlangoni, harufu ya mpira imejaa puani. Huyo Dada Vipimo ni mwanamke wa makamo, mtaratibu, na ana tabasamu, Mungu anisamehe, ambalo ningependa asiwe nalo.

"Karibu, wifi," akasema.

Wifi! Tangu lini nimeolewa na kaka yake?

"Mabega ya mume wangu ni sentimita arobaini na sita," nikasema, nikafunua daftari mezani.

"Mimi nimepata arobaini na mbili."

"Umekosea."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Ulipima juu ya mfupa, wifi, au juu ya nguo?"

"Nimemshonea miaka kumi na miwili. Unanifundisha mwili wa mume wangu?"

"La hasha. Ila ule wa zamani ulikuwa mpana, ndiyo maana shingo ilikataa. Ukimtanua mikono tena, uzito wote utamwangukia shingoni na viganjani." Akamgeukia mume wangu. "Kaka, atakayepanda ni wewe."

Mume wangu akatazama sukani mbili zilizolala mezani, kisha akanitazama mimi. Mtu wa hesabu, anajua namba ipi ni ipi. Lakini ni mume pia.

"Nipe wa arobaini na sita," akasema.

Nikatoka kifua mbele.

Alhamisi asubuhi, baada ya siku mbili za mazoezi na usukani huo, nilimkuta amegeukia ukuta, anahangaika na shati. Kifungo cha kwanza kimemshinda, cha pili kimemshinda. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa kitambaa kama si vyake.

"Vipi?"

"Baridi tu."

Jua lilikuwa limewaka hadi bati linalia. Nikamgeuza, nikamfunga vifungo vyote saba, na shingo yake ilikuwa ngumu kama kigogo. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Alibeba madaftari ya wanafunzi akaenda kazini, na mimi nikabaki na daftari langu.

Tusidanganyane. Arobaini na sita ni kipimo cha koti. Ni mwanamume pamoja na pamba yangu. Nililijua hilo tangu dukani, tangu yule mwanamke alipouliza mfupa au nguo. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nisingeweza kusema "pamba" mbele ya mume wangu, na kwa sababu sikutaka awe yeye aliyepatia. Nilikuwa tayari mume wangu arudishwe tena na makreti, mradi mimi nishinde.

Wifi yangu alinikuta naikokota baiskeli barabarani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutania.

Dada Vipimo aliitazama baiskeli, akanitazama, kisha akainama chini ya meza akatoa usukani uliofungwa kwenye gazeti.

"Ulijua atarudi?"

"Nilijua kaka atarudi. Wewe sikukutegemea, wifi." Akaanza kulegeza skrubu. "Lile bega ulikuwa unalijua. Fundi hapimi miaka yote hiyo asilione."

"Nilikuwa nalijua."

"Na yeye mbona hakujua?"

Nikaushika usukani ili afungue skrubu ya mwisho.

Jioni mume wangu aliikuta baiskeli imeegemea ukuta, ina usukani mwembamba wa arobaini na mbili. Aliushika, akakunja na kukunjua vidole. Kisha, kama mtu anayetafuta sentimita nne zilizopotea, akaenda kabatini, akarudi na koti lake la kijivu, akaliminya mabegani.

"Humu kuna nini?"

"Pamba."

"Na kushoto?"

"Tabaka mbili."

"Ulikuwa unanionea aibu?"

Swali lile lilinichoma kuliko sindano zote za cherehani. "Sikutaka watu wakuone," nikasema. "Nilitaka nikuone peke yangu." Nikalia, tena kwa kwikwi, mimi ninayewanyamazisha wateja wakorofi.

Akavua shati, akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Nipime."

Nikatafuta mfupa huu, halafu mfupa huu. Arobaini na mbili kamili.

"Na la kushoto?"

"Liko chini. Sentimita moja na nusu."

"Andika."

Nikaandika. Kisha nikachukua wembe, nikaanza kufumua koti.

Jumapili nilisimama kwenye mstari wa mwisho tangu saa nne. Dada Vipimo naye alikuwepo, kando yangu kabisa, na wateja wake ni nusu ya mashindano. Walipita wa kwanza, wakapita wa katikati. Kila kundi likitokea kwenye kona, anakaza macho. "Kaka bado," anasema. "Bado." Nikawaza shingo ile, nikawaza pikapu.

Saa saba kasoro, watano wakatokea kwa mbali. Vumbi, kofia zinazofanana, namba hazisomeki.

"Simwoni," akasema Dada Vipimo.

Mimi nilikuwa nimeshamwona.

"Yule kule!" nikapiga kelele, mpaka watu wakageuka. "Yule wa bega la chini! Mume wangu yule!"