Margareti Hajafungua Mlango

Mimi sina subira, na nalisema mapema nisije nikasingiziwa. Nikishika kitabu naanza na ukurasa wa mwisho. Nikishajua nani kafa na nani kaolewa, moyo unatulia, ndipo narudi mwanzo. Wenzangu wawili waliniona kama mwizi.

Wenzangu hao ni Esnath, fundi cherehani wa Makandana, na Vaileth wa Msasani ya hapa hapa Tukuyu, mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi. Tulisoma darasa moja utotoni. Kila Jumamosi mchana tulikutana barazani kwa Esnath, kila mtu na kitabu chake, aeleze amefika wapi. Sheria ilikuwa moja tu: kitabu hakiguswi na mwingine mpaka msomaji wake amalize. Esnath ndiye aliyeitunga, na aliitunga kwa sababu yangu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kuokoteza. Mwaka ule wa tisini na tatu duka la vitabu la mjini lilikuwa limeshageuka duka la redio na chupa za chai, na mimi nilikuwa nauza mitumba. Ndani ya marobota nilikuta vitabu vya Kiingereza, safari nyingine kimoja, safari nyingine vitatu, nikawaachia wenzangu wachague, mimi bila hata kuvitazama. Na kwa kuwa mvua ya Tukuyu haina adabu, mume wa Esnath, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, alituletea karatasi ngumu za mifuko ya chai iliyochanika. Tukavifunika vyote. Vikiwa mezani huwezi kujua kipi ni cha nani.

Jumamosi ninayoisimulia, Esnath alianza na hadithi yake ya mpelelezi, ile ile kwa mwezi wa nne sasa, kwa sababu husoma akipiga cherehani. Mimi yangu nilishajua muuaji tangu siku ya kwanza. Kilichotukalisha pale kilikuwa kitabu cha Vaileth.

Kilikuwa na mwanamke mfua nguo, Margareti, wa nchi ya baridi. Mumewe baharia aliaga kwamba anarudi baada ya mwezi, akakaa miaka saba. Sasa karudi, mgonjwa, kafikia kwa kaka yake, na wiki hii ametuma ujumbe kwamba Jumapili atakuja nyumbani. Margareti anauliza moyo wake: nifungue mlango, au nisifungue?

"Wiki ya tatu sasa Margareti kasimama tu!" nilimwambia. "Gwe Vaileth, unasoma au unahesabu herufi? Mwishoni inakuwaje?"

"Huko sijafika."

"Mimi naona afungue," alisema Esnath. "Mgonjwa ni mgonjwa."

"Afungue nini?" Nilifoka mpaka kuku wakatoka barazani. "Miaka saba, hata barua! Amwache nje hapo hapo, asimpe hata maji ya kunywa. Akimfungulia, huyo mwanamke ni bwege, na kitabu hicho nitakichana nifungie maandazi!"

Esnath alicheka. Vaileth hakucheka.

"Hata maji?" aliuliza.

"Hata maji."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepewa jibu. Mvua ikaanza, kila mmoja akanyakua kitabu chake mezani, tukatawanyika mbio.

Kesho yake, baada ya ibada, nilijilaza kitandani nikafungua kitabu changu. Nikakutana na picha ya sungura. Nikafunua mbele: sungura wengine, na kibanda chao kimechorwa. Nilikuwa nimechukua cha Vaileth! Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho nimjue Margareti alifanya nini. Palikuwa na orodha ya magonjwa ya sungura.

Nilikipekua chote. Hakuna Margareti, hakuna baharia. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hicho kilikuwa kitabu cha ufugaji, na hata mtoto angejua. Nilicheka peke yangu. Kumbe mwalimu mzima mwongo hivi!

Halafu kicheko kikanikwama. Ndimyake, mume wa Vaileth, alipanda lori la mahindi kwenda Tunduma mwaka themanini na sita, akasema ni mwezi mmoja. Hatukuwa tukimtaja tena, kwa kumheshimu mwenzetu. Kaka yake anakaa kijiji cha Masoko. Na siku ile ilikuwa Jumapili.

Nilikimbia hadi Msasani na kitabu mkononi, nikaanguka mara mbili kwenye utelezi. Ndimyake alikuwa amekaa barazani, mfuko magotini, shati likimpwaya kama limetundikwa kwenye kijiti. Midomo ilikuwa imekauka.

"Nimebisha tangu watu walipokwenda kanisani," alisema akikohoa. "Yumo. Namsikia akitembea."

Nilizunguka nyuma, nikaingia jikoni. Vaileth alikuwa amesimama kando ya ndoo ya maji.

"Umeniletea sungura wangu," alisema.

"Kwa nini hukusema ni wewe?"

"Ningesema ni mimi mngenionea huruma. Nilitaka mniambie ukweli."

"Ule haukuwa ukweli, Vaileth, ulikuwa mdomo wangu! Mimi nilikuwa nagombana na baharia!"

"Ulisema hata maji."

Nilikuwa nimesema. Aibu ilinishika nikakosa pa kuweka uso. Mtu akikuambia ni kitabu, unaacha kumtazama machoni, na mimi wiki tatu sikumtazama. Nilichukua kikombe nikainamia ndoo. Akaninyang'anya.

"Kikombe ni changu. Na aliye nje si wako."

Alichota mwenyewe, akaenda mbele, akavuta komeo. Ndimyake alikipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga," alishukuru, akanywa mpaka mwisho.

Vaileth alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Hakusogea kumpisha, wala hakuufunga mlango. Nilimsogelea kwa nyuma nikanong'ona, kwa maana sikuweza kujizuia: "Sasa je? Anaingia?"

Hakugeuka.

"Huko sijafika, Tusekile."

Nilirudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda na sungura mapajani, nikasubiri.